Saa Nne Hadi Saa Nane: Mhadhara Juu ya Kutulia Katika Nchi ya Njia Panda



Wazee wangu, akina mama, vijana, walimu wenzangu, viongozi wa dini na wa mitaa: nawashukuru kwa kuacha shughuli za Jumamosi na kuja kuketi hapa Njombe mjini. Nawashukuru zaidi kwa lile lililofanyika mlangoni. Mliombwa muache simu zenu kwenye vikapu vile viwili vya mianzi, na karibu wote mmekubali. Wapo wenye wagonjwa hospitali wanaosubiri taarifa; hao wamebaki na simu zao, na ni haki yao. Sisi wengine tutakaa mikono mitupu. Tangu niliposimama nimeona mikono mingi ikipapasa mifuko, na wangu nao umepapasa. Hakuna aliyeutuma. Jambo hilo dogo, la mkono kwenda mahali ambapo mwenyewe hajauagiza, ndilo lililonileta mbele yenu.

Nianze na Makambako, nilikokulia. Mji ule ulizaliwa na njia. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita katikati yake. Ya kuja Njombe na kuendelea Songea inaanzia pale. Na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, inapanda kutoka bonde la Kilombero na kufika pale baada ya kipande kigumu kuliko vyote katika kilomita zake 1,860. Kati ya Mlimba na Makambako, mwendo usiozidi sana kilomita 150, wajenzi walilazimika kuweka madaraja 46 na kutoboa mahandaki 18. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye kipande hicho. Alikuwa msemaji sana nyumbani, lakini alituambia kwamba ndani ya handaki watu waliacha kuongea. Hawakukatazwa na yeyote. Walinyamaza ili wausikilize mwamba, maana mwamba unaotaka kuanguka hutoa sauti kwanza, na sauti hiyo ni ndogo. Aliyekuwa akiwaza mshahara au mke hakuisikia.

Nimezeeka nikiwa na picha hiyo: wanaume wa makabila na mataifa tofauti, Watanzania, Wazambia na Wachina, wengi hawaelewani lugha, wamesimama gizani wakisikiliza jambo moja. Huo ndio utulivu ninaotaka kuuzungumzia. Hawakuwa likizo. Hawakuwa wamekaa chini ya mti wakitazama machweo. Walikuwa kazini, tena kazi ya hatari, na walikuwa wametulia kuliko wengi wetu tunapokuwa kitandani.

Mji wa njia panda haulali. Malori huunguruma usiku kucha, wapiga debe huanza kabla ya jogoo, na basi likisimama watu kumi huinua mabeseni yao madirishani kwa pamoja: mahindi, mayai, karanga, viazi. Nilipokuwa mtoto tuliweza kuuacha mji huo nyuma. Ulitembea nusu saa kuelekea mashambani, sauti ikabaki mgongoni. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Fisi yule alikuwa na njia mbili tu, na baada ya zile mbili palikuwa na pori. Leo njia panda ya Makambako imeingia mfukoni mwa kila mtu. Inakwenda naye shambani, chooni, kanisani, msikitini na kitandani. Mwaka 2023 laini za simu zinazotumika nchini zilivuka milioni 70, wakati Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, watoto wachanga wakiwemo.

Lakini sitaki tuilaumu simu kwa kila kitu, kwa sababu kutawanyika kwa mawazo kulikuwepo kabla ya umeme. Katika karne ya nne, kwenye jangwa la Misri, aliishi mtawa aitwaye Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399. Aliandika juu ya pepo mmoja aliyewasumbua watawa kuliko wengine wote, na akaeleza hata saa zake za kazi: humwingia mtu kuanzia saa nne na kumzingira mpaka saa nane. Wazungu wakisoma habari hii lazima waelezwe kwamba wale wa kale walihesabu saa tangu mapambazuko. Sisi hatuhitaji kuelezwa, maana tunahesabu hivyo mpaka leo. Saa nne ya asubuhi hadi saa nane ya mchana, kama ilivyo kwenye saa ya ukutani hapa. Mtawa akishikwa na pepo huyo huona jua limeganda. Hutazama dirishani. Hutoka nje kuangalia kama kuna mwenzake anayekuja. Huichukia kazi ya mikono yake na mahali anapoishi, na hufikiri kwamba pangekuwa pazuri zaidi kwingine. Jangwani, bila redio, bila jirani, bila bando.

Walimu mliomo humu mnazijua saa hizo. Karani wa halmashauri anazijua. Mama wa duka la nguo pale sokoni, mteja akikosekana, anazijua. Mtawa wa Evagrius alitazama dirishani. Sisi tunatazama kioo. Tofauti ni kwamba dirisha la Evagrius halikuwa na mtu upande wa pili anayelipwa kuhakikisha kwamba haliachi kuvutia. La kwetu linaye. Kampuni za mitandao huuza macho yetu kwa watangazaji, na wahandisi wao hupima kwa sekunde muda tunaokaa. Hii ndiyo sababu sipendi mahubiri yanayomwambia kijana kwamba kosa ni lake peke yake. Amepangiwa wataalamu elfu, yeye ana miaka kumi na saba.

Nina kisa changu mwenyewe, na si chepesi kukisema mbele ya watu. Nilifundisha sekondari kwa miaka mingi. Usiku mmoja, mwisho wa muhula, nilikuwa nikihamisha alama za kidato cha pili kutoka kwenye karatasi za mtihani kwenda kwenye orodha ndefu. Simu ilikuwa pembeni. Kwenye kundi letu walimu walikuwa wakibishana juu ya mchango wa msiba, na kila baada ya majina mawili matatu nilitupa jicho. Mahali fulani nikaruka mstari. Kuanzia hapo kila mtoto akapewa alama ya jirani yake. Binti mmoja aliyepata 81 aliandikiwa 34. Akahamishiwa mkondo wa wale waliohesabiwa kuwa hawawezi, na nyumbani akasemwa na kila mtu. Kosa liligunduliwa baada ya wiki saba. Nilimwomba radhi mbele ya darasa zima, naye akanisamehe kwa maneno mazuri. Ila mkono wake, uliokuwa wa kwanza kunyooka kila nilipouliza swali, haukunyooka tena mwaka ule.

Sikuwa mlevi usiku ule, wala sikuwa mgonjwa au mzembe. Nilikuwa nikifanya kazi yangu, na kila nilipotazama simu ilikuwa kwa sekunde tatu nne tu. Baadaye nilitafuta kujua kilichonipata. Mwanasaikolojia Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi jinsi watu wa ofisini wanavyohama kutoka jambo moja kwenda jingine kwenye kompyuta. Mwaka 2004 alikuta mtu hukaa kwenye skrini moja kwa wastani wa sekunde 150 kabla ya kuhama. Kufikia 2012 zilikuwa 75. Katika vipimo vya miaka iliyofuata wastani ulishuka hadi sekunde 47. Naye Sophie Leroy, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, alionyesha kwamba mtu akiacha kazi moja bila kuimaliza na kushika nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka. Macho yangu yalirudi kwenye orodha ya alama. Nusu ya akili yangu ilibaki msibani, inabishana.

Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake huko Texas walijaribu jambo la ajabu zaidi: waliwapa watu majaribio ya kufikiri, simu za wengine zikiwa mezani, za wengine mfukoni au kwenye begi, na za wengine chumba kingine. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko wenye simu mezani, hata kama simu za mezani zilikuwa kimya. Uchunguzi uliorudiwa baadaye haukukubaliana wote, kwa hiyo sitawaapia. Lakini tangu nisome habari ile nimeacha kuweka simu mezani nikisahihisha, na natumaini vikapu vya pale mlangoni mmevielewa sasa.

Watu wa Dar es Salaam hupiga simu na kusema, nakuja huko kwenu nitulie. Wanadhani utulivu unaota Njombe kama misindano. Mji wetu uko juu mita zipatazo 2,000, Juni na Julai baridi hutufungia ndani, asubuhi ukungu hufunika chai ya Kibena na Luponde hata usione mwisho wa mstari. Ni kweli, ni pahali pazuri pa kutulia. Lakini nendeni pale kwenye maporomoko ya mto Luhuji, hatua chache kutoka barabarani, mkaone wageni wanavyofika. Wengi huyageuzia maji mgongo. Hupiga picha, huzitazama, hupiga nyingine, hurudi garini. Kimya cha mahali hakimwingii mtu kwa sababu tu amekisogelea. Na sisi wenyeji tusijione. Njia kuu ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018, vijiji vingi vya njiani vilifurahi, na mimi nilifurahi. Mwanga umeleta mashine za kusaga, kliniki zinazofanya kazi usiku, watoto wanaosoma. Umeleta pia spika kwenye kila kilabu, na tangazo lililorekodiwa linalorudia bei ya mitumba kuanzia asubuhi hadi jioni bila hata mtu wa kulitangaza kuwepo.

Sasa atasimama mkulima wa viazi kutoka vijijini aniulize: mwalimu, unataka nizime simu? Dalali wa Dar es Salaam akipiga nisipokee, lori litapakia kwa jirani. Malipo ya parachichi yanaingia kwenye simu. Bei inabadilika mchana na jioni. Mwanangu yuko chuo Mbeya. Mzee huyo anasema kweli. Mtu anayeweza kuzima simu siku tatu mara nyingi ni mtu ambaye mwingine anapokea simu kwa niaba yake. Nimesoma vitabu vinavyosifu ukimya wa namna hiyo, na nimeviona havina shamba.

Jibu nililolipata linatoka Uwemba. Wabenediktini wana nyumba yao pale, na masista wa Mtakatifu Gertrudi wako Imiliwaha, mkoa wetu huuhuu. Watu hao wanaishi kwa Kanuni iliyoandikwa katika karne ya sita, na neno lake la kwanza kabisa ni la kumtaka mtu asikilize. Wengi hudhani utawani hakuna kinachomkatisha mtu. Kinyume chake! Mtawa hukatishwa mara nyingi kwa siku. Kengele ikilia anaacha jembe, anaacha cherehani, anaacha kalamu katikati ya neno, anakwenda kusali. Kisha anarudi. Nilikaa siku chache kwenye nyumba ya wageni ya watawa nikijiuliza kwa nini kengele ile hainichoshi ilhali mlio wa simu unanichosha. Niligundua mambo matatu. Kengele inalia saa inayojulikana. Inamlilia kila mtu kwa pamoja, hivyo hakuna anayeitwa huku mwenzake anaachwa anazungumza peke yake. Na ikiisha, imeisha. Haikuachii kamba ya kuivuta ili uone kama kuna nyingine.

Kukatishwa si ugonjwa, mabibi na mabwana. Ugonjwa ni kukatishwa kusikokuwa na saa. Babu zetu walikuwa na gulio, na gulio ni kelele tupu, ila lina siku yake. Mkulima wa viazi hana haja ya kuzima simu. Ana haja ya kuifanya iwe gulio: madalali wajue kwamba huyu mzee hupokea asubuhi kabla ya kwenda shamba, na mchana akipumzika, na jioni. Jirani yangu mmoja mwenye shamba la parachichi amefanya hivyo kwa misimu miwili. Alikuwa na hofu. Ananiambia wanunuzi walilalamika mwezi wa kwanza, kisha wakazoea, kwa sababu parachichi zake ni nzuri, na mtu mwenye mali nzuri hutafutwa saa yoyote aliyoisema.

Huyo jirani ana kitalu cha miche, na pale kwenye kitalu nimejifunza zaidi kuliko kwenye vitabu. Anabebesha. Wasioijua kazi hii niwaeleze. Mche wa parachichi la kienyeji huoteshwa kwenye kiriba mpaka shina linene kama penseli. Hukatwa juu, na shina hupasuliwa kidogo katikati. Kikonyo cha parachichi la aina ya Hass huchongwa pande mbili kama kabari, huingizwa kwenye mpasuko ule, kisha hufungwa kwa nailoni. Chini tu ya gome kuna tabaka jembamba sana lililo hai, na tabaka la kikonyo lazima ligusane na tabaka la shina. Yasipogusana hakuna mche. Na jeraha likishakatwa lisikae wazi, kwa sababu linakauka. Kazi hii haiwezekani ukiwa mwenye papara, kwa kuwa kisu kitapinda. Wala haiwezekani ukiwa mzito, kwa kuwa utomvu hausubiri.

Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akibebesha miche mia moja na kitu. Simu yake ililia mara mbili, ikiwa imening'inizwa kwenye nguzo mbali kidogo. Hakugeuka. Nikamuuliza baadaye kama aliisikia. Akasema, niliisikia, ila nilikuwa nimeshakata. Nimeshakata! Tangu siku ile sijapata maelezo bora ya umakini. Ukianza kumsikiliza mtoto anayekueleza jambo, umeshakata. Ukifungua daftari la mwanafunzi, ukianza sala, ukishika usukani wa basi lenye watu hamsini kwenye barabara ya Makambako, umeshakata, na kilicho wazi mbele yako kinaanza kukauka. Kwenye orodha yangu ya alama nilikuwa nimekata, nikaacha wazi, nikaenda msibani.

Mwalimu wangu wa pili ni mgema wa ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Sina nia ya kusifia ulevi. Nimezika rafiki kwa sababu hiyo. Nazungumzia kazi ya asubuhi. Mgema huukata mwanzi mchanga kwenye ncha wakati wa mvua, akafunga mbeta upokee maji yake. Lakini mwanzi haukatwi mara moja ukaachiwa ujitiririkie. Kila asubuhi na kila jioni mgema lazima arudi aukate tena, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, ili jeraha lisizibe. Akikosa siku moja mbili, mwanzi unaziba na mbeta hubaki mtupu. Hana ufundi wa siri. Ana kurudi. Vijana huniambia, mwalimu, nilijaribu kutulia, nilikaa dakika mbili mawazo yakakimbia, nikaona mimi si mtu wa hivyo. Ninawajibu kwamba mawazo kukimbia ni sawa na mwanzi kuziba. Ndivyo yalivyoumbwa. Kazi yako ni kurudi na kisu jioni, na kurudi tena kesho, bila hasira. Mara ya mia nne utakayoyarudisha ina thamani ileile ya mara ya kwanza.

Hapa lazima niseme jambo zito, na naomba mnivumilie. Mkoa wetu umebeba msalaba wa UKIMWI kuliko mikoa mingine. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe ni asilimia 11.4, ya juu kuliko yote Tanzania. Wengi mlio humu mlilelewa na bibi. Wengi mmezika kaka na dada kabla ya kujua kuendesha baiskeli. Mtu wa namna hiyo akiambiwa akae kimya, hakutani na amani kwanza. Anakutana na maiti wake. Ndiyo maana redio haizimwi. Ndiyo maana kijana anacheza mkeka wa kubeti hadi saa saba za usiku hata akijua ataliwa. Kelele ni dawa ya maumivu, na mtu hanyang'anywi dawa ya maumivu kabla hajapewa matibabu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana mfano katika kitabu chake cha Ihya alipokuwa akieleza kwa nini akili hutangatanga ndani ya swala. Mtu alikaa chini ya mti akitaka kufikiri, ndege wakawa wanampigia kelele. Akachukua fimbo akawafukuza. Akaketi, wakarudi. Akainuka, akawafukuza, wakarudi. Akaambiwa kwamba kwa mwendo huo hatamaliza. Akitaka kuepukana na ndege aukate mti. Kwa Ghazali mti ni mapenzi ya dunia. Katika nyumba zetu nyingi hapa Njombe nadhani mti huo una jina jingine: ni huzuni isiyozungumzwa. Na mti mkubwa haukatwi na mtu mmoja. Kwa hiyo anayeogopa kimya nisingemwambia akajifungie chumbani. Ningemwambia akae kimya na mtu. Mashangazi zetu wanaijua kazi hiyo. Msibani huketi na mfiwa mkekani, saa mbili, saa tatu, hawasemi kitu, mara moja moja mmoja anavuta kanga na kufuta uso. Hilo ni darasa la utulivu lililokamilika, nasi tumeanza kulipoteza, kwa sababu siku hizi hata mkekani pale msibani naona vioo vinawaka.

Wabena walikuwa na Nyumbanitu, msitu wa asili ambao jina lake maana yake ni nyumba nyeusi. Ulitunzwa kwa heshima. Mtu hakuingia mle na maneno ya sokoni. Sijasimama hapa kuwarudisha kwenye matambiko, kila mmoja ana imani yake. Ninachokiona ni kwamba jamii nzima ilikubaliana kwamba pawepo mahali ambapo sauti inashuka, na makubaliano hayo yakaokoa hata miti. Leo tumeacha utulivu kuwa mzigo wa mtu binafsi, kama vile mtu mmoja anaweza kunyamazisha spika ya jirani. Tuna kanuni za kitaifa za viwango vya kelele za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Karatasi ipo. Wenyeviti wa mitaa mliomo humu, mnaweza kuitumia bila kugombana na mtu: spika ya dukani ishuke karibu na shule na zahanati, na kilabu kifunge muziki kwa saa iliyokubaliwa. Shule zetu za serikali zimemzuia mwanafunzi kuja na simu. Vema. Lakini mwanafunzi huyo anamwona mwalimu wake darasani akichezea yake. Nasema hivi nikiwa mwalimu, na nikiwa nimeshawaeleza yaliyonipata.

Wakuu wa shule, pangeni dakika kumi za asubuhi ambapo shule nzima, walimu wakiwemo, inasoma kimya kitabu cha karatasi, chochote kile. Wachungaji, mapadre na maimamu, tangazeni kwamba sahani ya simu iko mlangoni kama viatu vilivyo mlangoni mwa msikiti. Madereva, hamhitaji hotuba. Mmeona wenyewe kilichowapata wenzenu. Na wazazi: mtoto akiingia kutoka shuleni ana maneno, na maneno hayo hukaa mdomoni mwake robo saa tu. Baada ya hapo huyasahau, au huyapeleka kwa mtu mwingine.

Nimemaliza. Vikapu viko palepale mlangoni, na hakuna kilichoharibika duniani kwa muda tuliokaa bila kuvitazama. Naomba tusivikimbilie. Tubaki tumeketi dakika tano, kila mmoja pamoja na aliye jirani yake, bila kusema. Mvua imeanza juu ya bati, inatosha kusikiliza. Kisha mchukue simu zenu, na kabla ya kufungua ujumbe wowote mpigieni mtu mmoja mliyemkatisha maneno wiki hii, mumwambie aendelee pale alipoishia. Nanyi mtakaousoma mhadhara huu ukiwa umechapwa, fanyeni hivyo hivyo leo jioni. Mimi nitampigia yule binti. Sasa ni mama wa watoto wawili, anaishi Makambako, na namba yake ninayo.